Pemba si Ufuo Mtupu: Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Utalii wa Kisiwa Chetu

Kwa Waheshimiwa mnaopanga, mnaosimamia na mnaouza utalii wa Pemba: viongozi mnaohusika na utalii, misitu na mambo ya kale, wawekezaji wa hoteli, na wenye kampuni za safari.



Kwa heshima na taadhima nawaandikia, na naandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linatugusa sote tuliozaliwa kisiwani. Mimi ni mtembeza wageni, mkaazi wa Konde, kaskazini mwa Pemba. Kazi yangu hunipitisha Ngezi na Vumawimbi, Ras Mkumbuu na Pujini, Misali na Kidike, nikiwa na watu waliotoka mbali kuja kuona mambo ambayo wenyewe tunayapita kila siku bila kugeuza shingo.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Walio wengi mno waliishia Unguja. Sasa fukwe za huko, kuanzia Nungwi mpaka Jambiani, zimejaa hoteli, na kila panapozungumzwa uwekezaji utasikia kwamba zamu ni ya Pemba. Nami naitaka zamu hiyo. Utalii ndio unaonilisha mimi na watoto wangu, na vijana wa Konde, Wete na Chake wanauhitaji kuliko mimi. Ninacholalamikia ni namna zamu hiyo inavyopangwa. Mipango tunayosomewa huanza na ufuo na kumalizikia na ufuo: vyumba vingapi vitajengwa, gati itakaa wapi, mgeni atazamia mwamba gani. Msitu, magofu, ngoma na mashamba ya karafuu hutajwa mwishoni, yakiwa mapambo ya karatasi. Mpango huo umesimama kichwa chini, miguu juu. Mchanga mweupe mgeni ataupata Maldives, ataupata Shelisheli, ataupata Diani. Pemba anapaswa kuijia kwa ajili ya vitu ambavyo havipatikani kwengine duniani, na vitu hivyo ndivyo vitakavyoharibika mwanzo tukikosea.

Haya ndiyo malalamiko yangu, pamoja na maombi yanayokwenda nayo.

1. Msikinadi kisiwa kana kwamba hakikuwahi kukaliwa na watu

Matangazo mengi ya safari huiita Pemba kisiwa kisichoguswa, kisiwa kilichosahaulika, pahala pa kugundua. Maneno haya yanauza, najua. Lakini yanatufuta sisi na wazee wetu. Pale Tumbe, mwendo mfupi kutoka Konde, palikuwa na mji mkubwa tangu karne ya 7. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher wamechimba Tumbe na jirani yake Chwaka kwa miaka, na katika taka za majiko ya kale wamekuta hadithi ya chakula chetu: watu wa Tumbe walitegemea uwele, waliokuja baadaye Chwaka, kuanzia karne ya 11, wakaugeukia mpunga. Wali tunaomwekea mgeni mezani una historia ya karibu miaka elfu moja kwenye udongo huu huu. Ni mgeni gani anayeambiwa hayo?

Kusini zaidi, kwenye ulimi mrefu wa ardhi ulioingia baharini magharibi ya Chake, kuna Ras Mkumbuu, na msikiti wake wa mawe na makaburi yake ya mnara. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyepita bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika habari za kisiwa cha Qanbalu kilichokuwa na Waislamu, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba alikuwa akizungumzia Pemba. Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vipande vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na dinari za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Watu wanaotengeneza sarafu zao wenyewe na kuzifanyia biashara na dunia hawakuwa wamesahaulika na mtu. Na Pujini lipo boma la karne ya 15 la Mkama Ndume, ambaye mpaka leo mama humtisha naye mtoto. Wazee husimulia kwamba aliwabebesha raia mawe ya kujengea huku wakijiburura kwa makalio, na anayesimama haoni jua la kesho. Kweli au chumvi imetiwa, hadithi hiyo ni mali, na anayeijua vizuri ni mzee wa Pujini, hakuna kitabu cha msafiri kitakachompiku.

Sasa mgeni afike kwenye magofu haya. Nimesimama na wageni mahali ambapo mzizi umeshaupasua ukuta na mbuzi wanalala kwenye kibla. Hakuna wa kutupokea, hakuna maandishi ya maana, na mgeni mwenye haraka hupiga picha mbili akaniuliza tunaondoka saa ngapi. Naona haya, si kwa ajili ya mbuzi, bali kwa ajili ya waliozikwa pale.

Naomba yafuatayo. Kila gofu kubwa liwe na mlinzi anayelipwa, na atoke kijiji cha jirani: Ndagoni kwa Ras Mkumbuu, Pujini kwa Pujini, na kadhalika. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza na lugha za wageni zifuate, kwa sababu msomaji wa kwanza wa historia hii ni mtoto wa skuli wa Pemba. Vitu vilivyochimbuliwa kwetu, au angalau nakala zake nzuri, vionekane kwa wingi zaidi katika makumbusho ya Ngome ya Chake Chake. Na watoto wa skuli waingie bure kila mahali, mwaka mzima.

2. Ngezi

Hili ndilo lililonitoa usingizini, kwa hiyo nivumilieni nikiwa na maneno mengi.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu mnene. Ikaja karafuu katika karne ya 19, na baada ya kimbunga cha 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja na kuinusuru ya Pemba, kila kilima chetu kilitafutwa kwa ajili ya shamba. Msitu ukakatwa. Uliobaki mkubwa ni Ngezi, huko juu baina ya Konde na Ras Kigomasha, na huo nao ulipasuliwa mbao kwa miaka kabla ya kuwekwa chini ya hifadhi katika miaka ya 1950. Msitu wenyewe wa kale hauzidi sana hekta 1,400. Mtu mzima mwenye mguu mwepesi anaukata asubuhi moja. Ni huo tu tulionao; hatuna mwengine wa kuonesha.

Lakini ingieni ndani yake. Mvule unapanda mpaka kichwa chako kinauma kwa kuutazama. Kuna vidimbwi, kuna udongo wa mchanga ambapo msitu mkubwa hukatika ghafla na kuanza vichaka vifupi vinavyofanana na vya milimani, kuna mikoko upande wa maji ya chumvi, na kuna mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao kwao ni Pemba na haukuzaliwa kwengine. Sababu ya utajiri huu ni bahari. Unguja iliwahi kuungana na bara maji ya bahari yaliposhuka katika zama za barafu. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na ilibaki kisiwa wakati ule wote. Viumbe waliowahi kuvuka walibaki peke yao na kubadilika kwa njia yao. Ndiyo maana tuna ndege wanne wasiokuwepo mahali pengine popote: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na yule mdogo mwenye duara jeupe kwenye macho. Kuna pelele, kuna komba, kuna paa mdogo wa kwetu, na kima punju wachache waliotokana na wale walioletwa kutoka msitu wa Jozani, Unguja, mwaka 1974.

Bundi huyo ndiye ninayewapeleka wageni kumsikia. Huanza magharibi ikishaingia, sauti moja fupi, kisha mwenzake anajibu upande wa pili. Nimeona watu wazima wenye ndevu nyeupe, waliolipa nauli ya kuzunguka nusu ya dunia, wakitokwa na machozi kwa sauti hiyo. Hawakuja kwa ajili ya kitanda cha ufukweni.

Malalamiko yangu kuhusu Ngezi ni haya. Msitu huu hupangwa kuwa kituo cha nusu saa, njiani kuelekea ufuo wa Vumawimbi au mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliojengwa zama za Waingereza. Gari inasimama, mgeni anazungushwa njia fupi, anarudi. Barabara ya kutoka Konde kwenda Makangale inapita katikati ya msitu, na kadiri hoteli zitakavyoongezeka huko mbele ndivyo gari za mizigo, za wafanyakazi na za wageni zitakavyoongezeka usiku na mchana. Komba na pelele hutoka usiku. Bundi huwinda usiku. Hoteli zikishatawanya mataa yao kwenye ukingo wa msitu, na muziki wa harusi ukawa unafika mpaka ndani, mgeni wa kumsikiliza bundi nitampeleka wapi?

Maombi yangu yana mpaka ulio wazi. Msikodishe kwa hoteli hata kipande kimoja ndani ya hifadhi, na pembezoni mwake uwekwe ukanda ambao hauruhusiwi jengo la ghorofa, taa kali wala spika za nje. Barabara ya msituni iwekewe matuta, na baada ya saa mbili za usiku malori yasipite ila kwa dharura. Vikundi vya watembeaji viwe vidogo, na matembezi ya usiku yawe na idadi inayojulikana kwa siku. Anayeongoza msituni awe amefunzwa na kuthibitishwa, na nafasi za kwanza za mafunzo hayo wapewe vijana wa Makangale, Tondooni na Konde.

Tena kuna suala la fedha. Kule Jozani, sehemu ya viingilio hurudi vijijini, na wananchi wameona skuli na huduma zikijengwa kwa pesa ya msitu. Kwa Ngezi nataka utaratibu huo huo, uandikwe, na hesabu ibandikwe ukutani kwa sheha kila baada ya miezi mitatu: kimeingia kiasi gani, kimekwenda wapi. Mwanakijiji anayekatazwa kukata mti wa kuni ana haki ya kujua mti huo umeingiza nini uliposimama.

3. Popo wa Kidike ni ushahidi kwamba wananchi wanaweza

Nasikia mara kwa mara kwamba jamii zetu hazina uwezo wa kusimamia vivutio, kwa hiyo bora apewe mtu wa nje. Jibu langu liko Kidike, karibu na Ole. Popo mkubwa wa Pemba, yule mwenye manyoya mekundu kifuani na mabawa yanayofika urefu wa mtu, alikuwa karibu kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikuwa akiwindwa kwa nyama na misitu ya kulala ilikuwa ikiisha. Waliobadilisha hali hiyo ni wanavijiji. Vilianzishwa vilabu vya kumlinda, miti yake ya kulala ikawekewa macho, watoto wakafundishwa kwamba popo anapokula tunda na kutupa kokwa anapanda msitu. Wataalamu kutoka nje walisaidia, na tunawashukuru. Lakini aliyemkataza jirani yake kurusha jiwe ni mwanakijiji. Leo popo hao wanahesabika kwa maelfu, na jioni wakiruka kwa pamoja mbingu ya Kidike inakuwa na giza kabla ya wakati.

Basi kabla ya kumleta mwekezaji wa kusimamia kivutio chochote, naomba kijiji kiulizwe kwanza, kipewe mkopo na mafunzo ambayo angepewa mgeni, na kipewe miaka ya kujaribu.

4. Misali ibaki na wavuvi wake na waja wake

Misali imo katika hifadhi tangu 1998, na tangu 2005 imezungukwa na hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Wanaozamia husema matumbawe yake ni miongoni mwa mazuri zaidi katika bahari hii. Kasa hupanda mchangani kutaga. Hayo yanajulikana kwenye matangazo. Lisilotangazwa ni kwamba wavuvi wa vijiji vingi vya magharibi wameitegemea Misali vizazi na vizazi, hukaa dago pale kwa siku kadhaa, na wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri aliswali hapo, kisiwa kikiwa ndio mkeka wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati baruti zilipokuwa zikivunja mwamba, kilichowagusa wavuvi wengi ni masheikh na walimu wa madrasa waliowafungulia Qurani na kuwaonesha kwamba kuharibu viumbe ni dhambi. Nasaha hiyo iliingia pale ambapo amri za kutoka mjini zilishindwa.

Tangu 2021 tumeona visiwa vidogo kadhaa vya Zanzibar vikikodishwa kwa wawekezaji. Nasema hili kwa sauti: Misali isiingizwe katika biashara hiyo, leo wala kesho. Isijengwe hoteli. Wageni waje mchana, kwa idadi, walipe, waondoke. Dago la wavuvi libaki. Na sehemu ya kiingilio iende kwa kamati zao, kwa sababu ndio walioacha kuvua katika eneo lililofungwa ili mgeni apate samaki wa kutazama.

5. Mchezo wa ng'ombe na ngoma zetu vina wakati wake

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba ni kitu ambacho mgeni yeyote angependa kukiona, na nina hakika mtapenda kukiuza. Wengi wanasema asili yake ni Wareno waliokaa hapa karne ya 16 na 17. Ng'ombe dume hufungwa kamba ndefu, kijana humchokoza kwa kitambaa, wanawake hupiga vigelegele na kuimba, na mwisho ng'ombe hurudi zizini mzima. Huchezwa mavuno yakishaingia, na katika vijiji vingine huchezwa mvua ikichelewa. Mchezo huu una maana kwa sababu ya wakati wake. Ukimwambia mzee wa Kengeja achezeshe ng'ombe Jumanne kwa sababu kuna kundi la watu ishirini hotelini, umeshamvunjia mchezo na umemvunjia heshima.

Ngoma ya msewe, kibati chenye majibizano ya papo kwa papo, kirumbizi cha fimbo: hizi nazo nimeziona zikikatwakatwa kuwa dakika kumi kabla ya chakula cha jioni, wachezaji wakisubiri nje ya uzio bila hata kikombe cha maji. Kibati bila majibizano kinabaki kelele tu, na hayo majibizano hayana maana kwa hadhira isiyojua mnasutana kuhusu nini.

Ninachoomba ni kalenda. Kila wilaya iandike, pamoja na masheha na wenye ngoma, ni lini na wapi mambo haya hufanyika kwa desturi, na kalenda hiyo isambazwe kwa kampuni zote mapema. Mgeni apange safari yake kuifuata ngoma. Akifika akae nyuma ya wenyeji, avae kwa staha, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Pale ambapo kikundi kitakubali kwa hiari yake kwenda hotelini, kilipwe kwa mkataba wa maandishi, na kilishwe.

6. Karafuu

Pemba ndiko inakotoka sehemu kubwa kabisa ya karafuu ya Zanzibar, lakini mgeni anayetaka kuona viungo hupelekwa kwenye mashamba ya Unguja yaliyopandwa mche mmoja wa kila aina ili atembezwe kwa saa mbili. Huku, msimu ukiwadia, kisiwa kizima kinanukia. Majamvi yametandazwa kando ya barabara, wachumaji wako juu ya matawi tangu alfajiri, akina mama na watoto wanachambua vikonyo usiku mpaka macho yanafumba, na kiwanda cha makonyo cha Wawi kinakamua mafuta. Naomba wakulima watakaopenda kupokea wageni msimu wa uchumaji wasajiliwe kwa utaratibu mwepesi, bila leseni ya gharama ya hoteli, na malipo yaende mkononi kwa mkulima. Tena mgeni asipandishwe mkarafuu kwa ajili ya picha. Tawi la mkarafuu hukatika ghafla, na kila mwaka kuna nyumba inayolia kwa ajili ya mchumaji aliyeanguka.

7. Nani anapata kazi, na nani anakula

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hali ilivyo, mwenyeji wa Pemba anapona kidogo sana. Safari nyingi za huku hupangwa na kulipiwa ng'ambo au Unguja. Mgeni hufika na kiongozi wake, chakula chake kimeshalipiwa hotelini, na kinachobaki kijijini ni vumbi la gari. Nimewahi kutakiwa nisimame kando nisikilize mtu asiyewahi kulala Pemba akiwaelezea wageni msitu wa Ngezi, na alichosema kuhusu uganga wetu kilikuwa cha kuwatisha watu wachekelee. Kampuni hiyo siitaji. Lakini naitaka sheria inayomlazimisha kila anayeleta kundi Pemba aajiri kwa siku hiyo kiongozi mwenye leseni wa Pemba.

Kuhusu uganga, kwa kuwa umetajwa: Pemba imeandikwa sana na wageni kuwa kisiwa cha waganga, na sasa wapo wanaouza "safari ya wachawi". Watu wetu wanakwenda kwa waganga wakiwa na maradhi na huzuni za kweli. Mgonjwa wa mtu si kivutio. Ipigwe marufuku.

Na chakula. Akina mama wa Makangale na Tumbe wanapika wali wa nazi, pweza, kisamvu, mkate wa kumimina, na msimu ukiwa mzuri kuna shokishoki na duriani ambazo mgeni hajawahi kuziona. Vikundi vyao vipewe mafunzo ya usafi, vibali vya bei wanayoimudu, na kampuni za safari zitakiwe kuwa na angalau mlo mmoja wa kijijini katika ratiba ya siku mbili au zaidi. Hilo linatekelezeka bila kusubiri fedha za mfadhili.

8. Idadi, maji, na mikataba iliyo wazi

Tumeona Unguja. Wenzetu wa vijiji vya pwani wameshalalamika mara nyingi kuhusu visima vinavyoingia chumvi, kuhusu njia za kushukia baharini zilizozibwa na ukuta, kuhusu kilimo kilichokosa ardhi. Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni wanaoishi kwa kulima na kuvua juu ya kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko ilivyokuwa kwao.

Kwa hiyo: iwekwe idadi ya juu ya vyumba vya hoteli kwa kila wilaya, itangazwe, na isiongezwe bila mkutano wa hadhara. Kila hoteli ioneshe maji yake yanatoka wapi kabla ya kupewa kibali. Njia za wavuvi na wakusanyaji wa mwani kuelekea pwani ziandikwe kwenye ramani ya mkataba wenyewe. Na mikataba ya ukodishaji wa ardhi ya utalii, muda wake na malipo yake, iwe inasomeka na mwananchi yeyote katika ofisi ya wilaya.

Jambo la mwisho katika hili ni usafiri. Mnataka wageni waongezeke. Meli na boti ni zile zile wanazopanda mama zetu wakienda hospitali Unguja. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikija huku na kuua mamia. Kila kijiji cha Pemba kina kaburi, au hakina hata kaburi, kwa ajili ya usiku ule. Mpango wa utalii wa Pemba ambao hauanzi na usalama wa abiria wa kawaida siutambui, na ninaamini wapo wengi wasiouona kuwa ni mpango.

Waheshimiwa, naomba mje tuzungumze. Ije timu yenye mamlaka ya kuamua, ifanye kikao cha wazi Konde kabla masika hayajaanza, na cha pili Chake Chake. Waalikwe masheha wa shehia zinazopakana na Ngezi, kamati za wavuvi wa Misali, walinzi wa popo wa Kidike, wenye ngoma, wakulima wa karafuu na vikundi vya akina mama. Rasimu ya mpango wa utalii wa Pemba isambazwe kwa Kiswahili wiki tatu kabla, ili watu waje wameisoma. Na kuanzia leo mpaka kikao hicho kifanyike, kisitolewe kibali chochote kipya cha ujenzi wa hoteli baina ya Konde na Ras Kigomasha.

Wenu katika kuitumikia Pemba,

Mtembeza wageni,
Konde, Kaskazini Pemba